Leso na goti la baba mkwe

Juzi nilikuwa nimelaza goti langu kwenye kitanda cha mazoezi, katika hospitali moja hapa Kisii, mzee mmoja wa Ogembo alipoketishwa kwenye kitanda cha pili. Aliyemleta alikuwa mke wa mwanawe.

"Mama, shika mguu wa mzee hapa, uunyooshe polepole," daktari wa viungo, kijana mgeni kwetu, alimwambia. "Nyumbani utamfanyia hivi kila asubuhi."

Mama yule akarudi nyuma. Mzee akageukia dirisha.

"Daktari, huyu ni baba mkwe wangu. Kwetu sisi hatushikani."

"Nani mwingine yuko nyumbani?"

"Ni sisi tu. Mama mkwe alifariki, na bwanangu yuko Nairobi."

Nilidhani watarudi na goti lao vilevile. Ndipo mama akafungua leso kiunoni, akaifunga kitanzi, akaiweka sakafuni na kusogea kando. Mzee akaingiza mguu mwenyewe. Mama akashika ncha ya mbali, akavuta taratibu, macho chini.

"Baba, inauma?"

"Vuta tu, mwanangu." Bado alikuwa anatazama dirisha, lakini goti lilikuwa linanyooka.

Walipomaliza, mzee aliikunja leso vizuri, akaiweka kitandani. Mama akangoja aondoe mkono, kisha akaichukua.

Mimi mke wangu hunishika goti kwa mikono yote miwili, huku akinikumbusha jinsi nilivyokataa kwenda hospitali mapema. Namshukuru. Ila sijaona mtu akishikwa vizuri kama mzee yule ambaye hakuguswa.