Vikwembe Vitatu vya Kiangazi

Enzi za Wabelgiji, pamba tuliyolazimishwa kulima ilitupatia kila mmoja kikwembe kimoja tu: mimi, yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, na wifi yetu. Kitambaa kimoja, kiangazi kizima! Nilikataa katakata. Nikasema tuazimane. Changu cha buluu kilimpa wifi kiuno ambacho Mungu alimnyima. Cha yaya, cha manjano, kiling'arisha ngozi yangu hata nikajichekea kwenye maji ya ndoo. Leo tunakifunga kifuani, kesho kiunoni, Jumapili kinakuwa kilemba. Mtaa wetu wote hapo Kasongo ukadhani tumetajirika, nasi tukazidi kutikisa mabega.

Siku moja nilikwenda sokoni na kile cha manjano. Mume wa yaya, ndiyo kwanza anarudi kutoka Nyangwe, akanijia kwa nyuma, akatumbukiza samaki mkubwa wa kukaushwa kwa moshi kwenye kikapu changu, akaninong'oneza: "Mama, hii samaki iko yako peke yako. Ule mudogo wako mulafi, usimupatie hata mukia."

Nikageuka. Akatoa macho kuliko yule samaki.

"Aksanti, shemeji," nikamwambia. "Mukia nitamuachia yaya."