Bi Thirza na Tundu la Watawa

Kijijini Sallowcombe ufunguo mkubwa kuliko yote si wa kanisa. Kanisa halifungwi; humo hamna cha kuiba ila mahubiri, na hayo hata mwizi huyaacha. Ufunguo mkubwa ni wa Nyumba ya Kanisa, ile ndefu ya mawe iliyoegemea ukuta wa makaburi kama mlevi aliyeegemea rafiki. Thirza Pethybridge aliushika ufunguo huo tangu alipokuwa msichana wa kutazamwa hadi akawa bibi wa kukwepwa.

Aliipenda nyumba hiyo kuliko alivyowapenda watu, wala hakuona sababu ya kuficha. Alijua ni boriti ipi hulia mvua ikikaribia. Alipiga magoti akasugua sakafu, akayasema madirisha kwa kuchafuka, akaliamkia lile meko kubwa la chumba cha chini, ambamo ng'ombe angeingia akageuka akatoka, kama anavyoamkiwa mzee wa ukoo.

Na pombe haikupita mlangoni pake. Baba yake alikuwa amewanywa ng'ombe wao wote, mmoja baada ya mwingine, bila kugusa maziwa, na Thirza akala kiapo angali mtoto. Kwa hiyo watu wakifanya harusi katika Nyumba ya Kanisa walikunywa chai ndani, kisha wakatoka kunywa vingine makaburini, wakiweka glasi juu ya mawe ya babu zao. Babu hawakulalamika.

Ukimuuliza sababu, hakumtaja baba. Aliwataja watawa. Nyumba ilijengwa na watawa, alisema, watu wa sala na maji baridi. Ushahidi ulikuwa darini mwa chumba cha chini: mraba wa mbao tofauti na nyingine, ulioitwa Tundu la Watawa, ambapo watawa waliwateremshia maskini mikate kwa kikapu. Kila mtoto wa Sallowcombe alisimamishwa chini ya mraba ule akaambiwa avue kofia. Tulivua sote. Wapo wazee wanaovua mpaka leo.

Sasa, ukumbi wa karamu uko juu, na hauna njia ya kufikia ila ngazi ya mawe iliyojibandika ukutani kwa nje, haina pa kushika, na vidato vyake vimelika katikati kama vijiko. Siku ya karamu ya mavuno, mwenye ufunguo hupanda kwanza, peke yake, akawasha moto juu, kisha akagonga sakafu kwa fimbo. Asipogonga, hapandi mtu, hata nyama ipoe. Na asiyeweza kugonga hukabidhi ufunguo. Hivyo ndivyo Thirza alivyoupata kutoka kwa mzee Tapper, miguu ilipomsaliti, na aliupokea bila kudondosha chozi. Hilo lilimrudia sasa, kwa kuwa mwaka huu nyonga yake ilikataa. Daktari alimwambia ngazi basi.

Bi Daphne Cullimore, aliyehamia kutoka London baada ya kustaafu na kuwa mwenyekiti wa kamati ya Nyumba ya Kanisa kabla hajamaliza kufungua masanduku, alimpa pole nyingi. Akasema yuko tayari kumpunguzia mzigo. Alikuwa ameshanunua utepe wa kufungia ufunguo.

Kana kwamba hayo hayatoshi, akaja msanifu majengo kutoka Exeter kukagua paa. Alipanda ngazi ya mbao, akaligonga Tundu la Watawa, akaanza kucheka. Hapakuwa na mtawa hata mmoja, alisema, tena kwa furaha, kama mtu anayeleta zawadi. Nyumba waliijenga wakulima wenyewe ili wapikie bia ya karamu za parokia. Lile meko lilikuwa la kuchemshia bia. Ukumbi wa juu ulikuwa wa kunywea na kucheza, na fedha za bia hiyo ndizo zilizojenga mnara wa kanisa. Baadaye walikuja watu wakali wa dini wakapiga karamu marufuku; nyumba ikawa ya maskini, kisha shule. Na tundu? La kupandishia mapipa. Kulabu ya chuma bado ilikuwa kwenye boriti ya juu.

Thirza alimshukuru, akamwonyesha mlango, akaenda kujifungia kwake.

Aliyemfuata alikuwa Hedley Yeo, mwenye baa ya ng'ambo ya barabara. Zamani alimposa Thirza, naye alikuwa karibu kukubali, hadi Hedley aliporithi baa.

"Umekufa, Thirza?"

"Bado. Futa miguu."

Alifuta, akaketi. Thirza alikuwa akikunja kitambaa kilekile, anakunjua, anakunja tena.

"Nimesugua kiwanda cha pombe maisha yangu yote, Hedley. Kwa magoti."

"Na duniani hakuna kiwanda kisafi kama hicho."

"Nimedanganya watoto wa kijiji kizima."

"Wameshakuwa wazee sasa, na wote wakorofi. Haikuwadhuru."

Thirza alificha kicheko ndani ya kikombe cha chai. Hedley, ambaye amevizia kicheko hicho tangu ujana wake, hakupoteza nafasi. Kulabu ipo, alisema. Kapi ya kupitishia kamba anayo, na kamba anayo. Tundu lililopandisha mapipa halitashindwa na kikongwe mmoja.

"Unanifananisha na pipa."

"Sithubutu. Pipa lina umbo."

Tatizo lilikuwa mgongo wake Hedley. Hangeweza kumvuta kwa mikono mitupu. Alihitaji kitu upande wa pili wa kamba, kizito kumzidi Thirza kidogo, kishuke yeye akipanda.

"Mawe," alisema Thirza.

"Mawe yako makaburini na yana wenyewe. Nina pipa la pombe ya matofaa."

Thirza alikikunja kitambaa tena. Kisha Thirza akauliza kama pipa litakuwa juu tayari.

"Litakuwa juu."

"Nani atalipandisha?"

"Ukiuliza, nitakujibu."

Hakuuliza.

Siku ya karamu kijiji kilijaa uani, na Bi Daphne akasimama chini ya ngazi akiwa na kiberiti mkononi, uso wake umejaa huruma. Ndani, Hedley alikuwa amezing'oa mbao za tundu na kukifunga kamba kile kiti ambacho askofu hukalia akizuru. Thirza aliketi, fimbo mapajani, ufunguo juu yake, akafumba macho. Alipofumbua alikuwa katikati ya safari, na pipa lilikuwa mbele ya pua yake likishuka. Walitazamana kama ndugu ambao hawajasemezana tangu matanga ya baba. Akaliinamishia kichwa kidogo.

Uani walisikia sakafu ikigongwa, kwa nguvu kuliko mwaka wowote. Kiberiti kikarudi mfukoni.

Bi Daphne hakushindwa hivihivi. Alichungulia chumba cha chini, kisha akapanda kwa haraka na kutangaza kwamba kuna pombe nyumbani, kinyume cha sheria ya Bi Thirza mwenyewe.

"Ukumbini mwangu haimo," alisema Thirza, akikata pai ya matofaa. "Ilikuwamo. Nimeishusha."

Basi watu wakala juu na kunywa chini, kando ya meko lililowashwa moto kwa mara ya kwanza tangu enzi ya wale wakali wa dini. Kelele zikapanda kupitia tundu pamoja na joto, na Thirza, aliyekuwa akitafuna nyama ya nguruwe kwa chai, alikuwa akipigapiga kidole mezani kufuata wimbo, hadi wazo lilipompata. Pipa lilikuwa linapungua. Na yeye alikuwa bado yuko juu.

Aliinama kwenye tundu.

"Hedley Yeo. Mmefika wapi?"

Hedley alilitikisa pipa, akapima kwa sikio. Kwa makadirio yake, Thirza na pipa walikuwa karibu sawa. Vikombe vichache zaidi ndipo litakuwa jepesi kidogo kumzidi, naye atateremka taratibu kama bibi harusi; likikauka, atadondoka kama jiwe.

"Vikombe hivyo, halafu basi," alisema Thirza. "Anayetaka zaidi aende baa. Inayobaki ni yangu."

Hivyo ndivyo wanaume wa Sallowcombe walivyoweka vikombe chini pipa likiwa na kitu ndani, jambo ambalo wala mchungaji wala wake zao hawajapata kulifanikisha. Walisimama duara wakitazama juu. Kiti cha askofu kikateremka polepole, ufunguo ukiwa mapajani pa Thirza, na pipa, adui yake tangu enzi za baba, likapanda kumpisha. Alipopita chini ya tundu, wazee wakavua kofia.