Hodi kwenye Nyumba za Saruji

Juzi nilipita shamba la ngano kule Basotu, nikakuta mabanda ya mbwa wa kuwindia bado yamesimama. Nilipokuwa mdogo, mama alinipeleka pale kumsalimia mjomba, mpishi wa mwenye shamba. Niliona vyumba vya saruji vilivyoezekwa bati, vikinukia nyama ya kuchemsha, nikakimbilia mlangoni.

"Hodi. Shikamoo, mjomba."

Nikajibiwa kwa mngurumo, meno yakagonga wavu. Mama alinivuta.

"Hao ni mbwa. Mjomba wako anakaa kule." Alinionyesha kibanda cha udongo, nyasi za paa zimeoza.

Juzi, kwa mzaha tu, nilipiga hodi mlango uleule. Akatoka mtoto, anafikicha macho ya usingizi.

"Shikamoo," akasema. "Mama ameenda shambani."