Mulango ya Kijani

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu picha ya barabara moja ya zamani sana kule Ubelgiji, na mi nikaitambua. Picha hiyo ilikuwa nyumbani kwetu Gisenyi, kwenye kalenda ya mwaka ulioisha, ile Mama alikataa kutoa ukutani kwa sababu ya uzuri wake: mawe, maua kwenye madirisha, mulango moja ya kijani.

Nilikuwa mudogo. Papa alikuwa fundi wa viatu, na tangu vita hakurudi. Nyumba ilinuka sambaza za kukaanga, zile samaki ndogo za ziwa, na cherehani ya Mama ilikuwa inalia tu.

"Mama, Papa iko wapi?"

"Iko mahali muzuri, mwanangu," alisema, na macho yake ikaenda kwenye ukuta.

Basi mi nikajua ni pale. Nilipanda kiti na sambaza moja mukononi, nikagonga ile mulango ya kijani.

"Hodi, Papa! Fungua, chakula itapoa!"

Cherehani ikanyamaza. Mama alicheka, "Yewe, huyu mutoto!" kisha akafunika uso na kitambaa alikuwa anashonea mukiriya, mteja wake.

"Mama, sikiliza," binti yangu aliniambia juzi, akisoma kwenye simu. "Hii barabara ilikuwa ya watu wa kutengeneza ngozi. Wengine walipita wameziba pua kwa harufu!" Akacheka sana.

Mi sikucheka. Zamani Papa akirudi jioni na kunibeba, shati yake ilinuka ngozi, na pua yangu niliiweka pale pale.

Nikimuombea, bado nagonga ile mulango.