Mchoro Nilioutajia Bei

Mwanangu, najua begi umeshafunga na tiketi ya Guangzhou iko mfukoni, kwa hiyo sitakuweka sana. Kaa hapo kidogo tu. Ipo Jumamosi moja ya huko ambayo nikiikumbuka, hata leo na mvi zangu hizi, masikio yanapata moto.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, elimu yangu darasa la saba, kichwa kimejaa ndoto. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mwenye duka Kariakoo aliiota China. Nilikuwa nimeagiza jinzi kwenye karakana moja ya Xintang, mji wa jinzi kando ya Guangzhou, wakaniambia nisubiri wiki nne. Wiki nne, mwanangu, katika hoteli ya mtaa wa Xiaobei, chumba kama kabati! Wenzangu walilala. Mimi nilizunguka mitaani nikitazama watu, na ndivyo nilivyoliona duka la karatasi, shanga na brashi. Dirishani walibandika picha ya watu wamekaa mezani na brashi mkononi, na chini yake saa imechorwa. Hata mimi nisiyejua herufi moja ya Kichina nilielewa: njoo ujifunze. Shuleni nilichapwa kwa kujaza daftari la hesabu michoro ya ndege. Nikaingia.

Tulikutana kila Jumamosi, watu wanane, wote wanaoanza. Mwalimu, mama mwenye duka, alitufundisha kuchora lichi, tunda lao la huko, kama shokishoki lililonyolewa nywele. Unachovya brashi kwenye nyekundu, unazungusha mkono mara moja, tunda limetoka. Yake yalitoka matunda. Yangu yalitoka viazi. Nikacheka peke yangu, na aliyeketi kando yangu naye akacheka.

Huyo alikuwa Mzee Liang, fundi wa kukata nguo kutoka Kangle, mtaa wa cherehani. Mkono wake ulizoea mkasi, kwa hiyo brashi ilimtetemeka. Lugha ya kuelewana hatukuwa nayo. Rangi yangu ikikauka, ananisogezea maji. Mimi nampa peremende, na pembeni ya karatasi yangu namchorea ndege, anatikisa kichwa kwa furaha. Basi, urafiki ukakamilika.

Jumamosi ya tatu, kipindi kilipokwisha, Mzee Liang aliinuka akaninyooshea mchoro wake kwa mikono miwili. Tawi moja, lichi saba, na kwenye ncha ya tawi ndege mdogo ambaye mwalimu hakutufundisha.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kichina changu chote nilikiokota sokoni. Nilijua kuuliza bei, nilijua kusema ghali mno, na nilijua "bu hao", yaani si kizuri. Na sokoni sisi wageni tulifundishana wenyewe kwa wenyewe: ukipenda kitu usioneshe. Ukikisifu tu, bei imepanda. Kunja uso, tafuta kasoro, sukuma mzigo mbele, ndipo mzungumze. Mimi mchoro ule niliupenda mno, moyoni nilikuwa nimeshautundika ukutani kwetu. Kwa hiyo nikakunja uso. Nikaipapasa karatasi kama ninayekagua mshono wa jinzi.

"Bu hao," nikasema. "Bu hao."

Nikatoa kalkuleta mfukoni, nikabonyeza kumi, yuan za kwao, nikamgeuzia aone.

Mzee Liang aliitazama ile kumi, akanitazama mimi, akaukunja mchoro polepole na kuutia kwenye mfuko wake wa plastiki. Nikasema moyoni, naijua mbinu hii, muuzaji anajifanya anaondoka! Nikabonyeza kumi na tano. Alikuwa ameshafika mlangoni. Mwalimu akanisemesha maneno mengi ya haraka, mimi natabasamu tu kama mjinga, najiuliza: au nimeshusha mno?

Nikarudi hotelini kichwa kinazunguka. Kwenye korido nikamkuta Bi Mwanaisha, mfanyabiashara wa Unguja aliyekuwa kama mama yetu sote pale, anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha."

"Marahaba. Uso gani huo? Kontena limezama?"

Nikamsimulia. Akauacha mchele.

"Kwani alikwambia anauza?"

"Si kanishikia mbele ya macho?"

"Kwa mkono mmoja au miwili?"

"Miwili."

"Bei alitaja?"

"Hapana. Nilitaja mimi."

"Ewe mtoto wewe! Jirani akikuletea bakuli la futari mlangoni, unamtolea kalkuleta?"

Nikakaa chini palepale sakafuni. "Lakini mimi niliupenda, Bi Mwanaisha. Wallahi niliupenda."

"Yeye atajuaje? Maneno ya kupenda ulijifunza lini?"

Ndipo nikamkumbuka yule ndege, na nikaelewa amechorwa kwa ajili ya nani.

Jumamosi iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Jinzi zilikuwa tayari na safari yangu ilikuwa Jumatano. Nisipompata, basi ndiyo imetoka hiyo. Nikamwonyesha mwalimu kile kiti, nikashika kifua. Akanitazama sana, halafu akachukua karatasi ya mazoezi akanichorea: kituo cha treni, daraja, kichochoro, na mwisho wa kichochoro, mkasi.

Jumatatu nikaenda Kangle na mchoro wangu mwenyewe, viazi vyangu saba. Vichochoro vyembamba, cherehani zinanguruma kila dirisha, marobota ya vitambaa yanakupita kichwani. Nilipotea mara mbili. Nikamkuta ameinamia kitambaa cha buluu. Aliniona, akaendelea kukata. Nikamnyooshea mchoro kwa mikono miwili.

Akaweka mkasi chini. Akafuta viganja. Akautazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akakunja uso. Akaipapasa karatasi kama anayekagua mshono.

"Bu hao," akasema. "Bu hao."

Akavuta kalkuleta iliyokuwa mezani, akabonyeza, akanigeuzia. Mbili.

Sikujua nikimbie au nipige magoti. Halafu nikaona mabega yanamtikisika. Alicheka mpaka mafundi wakasimamisha cherehani! Akaubandika mchoro wangu ukutani juu ya meza yake, kwa pini za kushonea.

Ule wa kwake sikuuona tena. Sikuthubutu kuuliza, na hata ningethubutu, maneno sikuwa nayo. Labda aliuchana. Labda ulikuwa kwenye droo, hatua mbili tu kutoka niliposimama. Ndege yule bado ananisumbua.

Kwa hiyo nakuomba. Sokoni kunja uso utakavyo, hiyo ni kazi. Lakini mtu akikunyooshea kitu kwa mikono miwili, mikono yako iwe mitupu, ukipokee. Usimpe mtu wa moyoni uso unaompa muuzaji. Na kabla hujajifunza kusema ghali mno, jifunze kusema kizuri sana. Ni "hen hao". Bi Mwanaisha alinifundisha asubuhi ya kuondoka, nimechelewa.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, mzigo wako ufike salama, na huko ugenini akupe mtu wa kukusogezea maji rangi yako ikikauka.