Breki za Gari la Baba

Kaka yangu ana mguu mzuri wa breki. Nalisema hilo kwa haki, maana ndiye aliyenikanyagia siku tuliyotoa upepo kwenye breki za gari la baba, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine analala chini na spana. Nikisema kanyaga, anakanyaga. Nikisema shikilia, anashikilia mpaka nifungue nati, upepo utoke pamoja na mafuta, nifunge. Akiachia mapema upepo unarudi, na kazi inaanza upya. Kaka hakuachia hata mara moja.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la zamani, viti viwili tu, rangi nyekundu iliyopauka. Baba alilinunua ujanani kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi pale Iringa, akalileta Mbeya, na majirani wakamcheka kwamba halibebi hata gunia la viazi. Alipofariki, siku ya kumaliza matanga, mimi na kaka tulikubaliana mbele ya baba mdogo kwamba halitauzwa. Mimi ningelitengeneza, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nashinda uvunguni na baba, na kaka angenisaidia. Nilitaka kitu kimoja tu: gari lilale nyumbani likiwa zima, niliendeshe Jumapili kwenda kanisani kama alivyofanya mwenyewe.

Ugonjwa wa gari ulikuwa kwenye kalipa za mbele, vile vyuma vinavyoibana diski ili gurudumu lisimame. Pistoni zake zilikuwa zimeganda kwa kutu. Ya kulia ilinikatalia kabisa, nikaibeba kalipa yake hadi Mwanjelwa kwa fundi wa pancha. Akaweka kipande cha ubao mbele yake, akaipuliza kwa kompresa, na pistoni ikaruka ikagonga ubao mpaka watu wakageuka. Nilizisafisha zote kwa msasa laini. Zikabaki sili, ile mipira inayozuia mafuta yasivuje, na hizo nilizunguka Mbeya nzima sikuzipata. Kaka akasema nimwachie yeye. Alirudi kutoka Iringa nazo, mpya, saizi ile ile. Nilifurahi mpaka nikamchinjia kuku.

Sili hizo nilizilowesha mafuta ya breki na kuzipachika kwa vidole, bila bisibisi, kama baba alivyonifundisha, zisije zikachanika. Jumamosi asubuhi tukatoa upepo. Pedali ilipokuwa ngumu, ishara kwamba upepo umekwisha, kaka akaomba kulijaribu yeye kwanza, afike Uyole na kurudi. Nikampa ufunguo, nikaenda kupika chai.

Chai ikapoa. Mchana ukafika, simu yake imezimwa. Nikaitazama mikono yangu, kwa sababu hiyo hiyo ndiyo iliyofunga breki zile. Nikawaza labda sili moja ilikaa upande. Nikachukua bodaboda mpaka Uyole, na vijana wa kijiweni wakasema kigari chekundu kilipita asubuhi kuelekea Inyala. Mteremko wa Inyala kila mtu wa Mbeya anaujua kwa ajali zake. Njia nzima niliangalia mitaroni na mabondeni huku nikimwomba Mungu kwa sauti amfikishe kaka yangu salama, hata kama gari litakwisha. Dereva wa boda alipunguza mwendo kila penye kona, bila kuambiwa.

Inyala, akina mama wauza viazi walisema limepita, tena lilisimama vizuri kupisha lori. Nikapiga simu tena, na safari hii akapokea. Alikuwa Nyololo, mbali kwenye njia ya Iringa, anakula. Nilisikia hata sahani. Nililia kwa furaha pale pale barabarani. Akaningoja nimalize, kisha akaniambia kwamba anampelekea gari mwenyewe, mtu wa Iringa anayelinunua. Walishaelewana zamani. Hata sili alizitafuta mtu huyo, maana alikataa kununua gari lisilo na breki.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, ungelitengeneza?"

Akaendelea kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Breki zinashika, mdogo wangu. Mteremko wote ule sikuogopa."

Akanishukuru, tena kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, kama baba alivyotufundisha kumshukuru mtu aliyekufanyia kazi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi nilikichinjia kuku. Siku zote zile nimelala chini, yeye juu akinishikilia pedali kwa uaminifu, kumbe anamshikilia mnunuzi wake. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisahau kukata simu, akaikata yeye.

Dereva wa boda aliuliza kama ndugu yangu amepatikana. Nikamwambia amepatikana, mzima, hana hata mchubuko. Akasema basi maombi yangu yamesikika. Nikapanda nyuma yake, tukarudi.