Mradi wa Kumugeuza Koko

Mwaka jana, hospitali ya huku Kasongo ambako shule yetu ya uuguzi inatutuma kujifunza kazi ilipata mradi wa ubora. Ulikuja na shefu wake, mukubwa wa mradi, mutu aliyepigwa pasi mpaka kwenye soksi, na ubao wenye mushale unaopanda juu. Unapanda kwenda wapi, hakuna aliyeuliza.

Koko wangu, mama ya mama, alikuwa amelazwa pale. Alivunjika nyonga shambani Wamaza, wakamuleta kwa pikipiki, amefungwa kati ya dereva na mujomba kama mufuko wa mihogo. Mutu wa hivyo akilala upande mumoja siku nzima, ngozi inaoza. Mugongoni alikuwa tayari na kidonda, kadogo kama kifuniko cha chupa.

Kwetu ndugu ndio wanaogeuza mugonjwa. Wanamwosha, wanamupikia, wanalala kwenye kirago chini ya kitanda. Mama mukubwa, dada ya mama, ndiye alimulinda koko; hana saa. Alipima muda kwa rozari, na hakukosea.

Shefu akasema ndugu wanavuruga mpangilio. Wakae nje jikoni, walete chakula tu. Kugeuza ni kazi ya wauguzi, kila saa mbili, na waandike kwenye karatasi iliyotundikwa kitandani. Wauguzi wakapiga makofi. Kisha kila asubuhi, wakingojea chai, wakajaza siku nzima kwa mukupuo: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kwenye karatasi koko alicheza dansi. Kitandani hakutikisika.

Mimi nilikuwa nimepangwa kwa wazazi, wamama wanaojifungua, chumba kingine. Nilipita kujaribu, lakini nyonga iliyovunjika haigeuzwi na mutu mumoja. Siku ya tano kidonda kilijaa kiganja changu. Nikamwambia muuguzi mukuu.

"Karatasi inaonyesha anageuzwa," akanijibu, bila kuinuka.

Basi nikashika kalamu. Kwenye karatasi ya koko, penye mustari wa saa nane, nikaandika: amening'inia darini, anaendelea vizuri.

Jumamosi kwenye mukutano, shefu, ambaye anapenda sana sauti yake, alichagua karatasi ya koko, kwa vile haikuwa na pengo hata moja, amusomee daktari mukuu. Akasoma kushoto, akasoma kulia, akasoma dari, akafika mpaka "vizuri" ndipo akaifunika karatasi kwa mukono.

Daktari hakucheka. Alikwenda kufunua shuka, akarudi akauliza nani ameandika upuuzi ule. Nikasema ni mimi.

"Na hii mistari mingine yote?" daktari akauliza.

Wauguzi wakamugeukia muuguzi mukuu.

Wao walipewa semina. Mama mukubwa aliitwa ndani mchana uleule, na kirago chake. Mimi nilifukuzwa kwenye mafunzo wiki mbili, kwa kosa la kuchafua karatasi ya mradi. Wiki zote mbili nilizimaliza palepale kitandani, sasa kama ndugu wa mugonjwa: mama mukubwa anashika mabega, mimi nashika nyonga, koko anatutukana sote wawili kwa Kibangubangu, na tunamugeuza.